Yaliyopita ni ndwele

Mwaka 2004 nilimchapa mwanafunzi wa kidato cha pili viboko vitatu kwa kosa la kulala darasani. Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki mbili, na nilikuwa nimeshamwonya, nimeshampigisha magoti, nimeshamtuma kuchota maji. Kanuni za adhabu ya viboko zinataka mkuu wa shule atoe idhini, viboko visizidi vinne, na tukio liandikwe kwenye daftari. Mimi sikuandika popote. Kijana alipokea viboko vyake bila kulia, akarudi kwenye dawati, na baada ya dakika kumi akalala tena.

Mwezi mmoja baadaye ndipo nilipoelezwa na jirani yao, mama mmoja aliyekuwa akiuza mawese sokoni Mwanga, hapa Kigoma mjini. Baba wa yule kijana alikuwa akirudi usiku wa manane amelewa, na mara mbili alirudi ameshika panga. Kijana akajipangia zamu. Alikuwa akijilaza mlangoni mwa chumba cha mama yake, wala hakulala, alikuwa anakesha. Shuleni kulikuwa na ukuta, mlinzi getini na wenzake arobaini wamemzunguka. Ndipo mahali pekee alipoona anaweza kufumba macho. Mimi nikampiga kwa hilo.

Nimeanzia kwangu kwa makusudi, kwa sababu mengi nitakayoyasema hapa yanawagusa walimu, polisi, wazazi na viongozi wa dini wa mkoa huu, na sitaki yeyote adhani namnyooshea kidole nikiwa nimesimama pembeni. Siku hizi, kwenye semina za walimu, za maafisa ustawi wa jamii na za mashirika yanayofanya kazi kwenye kambi za wakimbizi, kunazungumzwa sana kuhusu huduma inayozingatia kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Nimepata bahati ya kukaa na mshauri mmoja anayeifanya kazi hiyo hapa Kigoma mjini, mama wa makamo aliyesomea saikolojia Dar es Salaam kisha akarudi nyumbani. Anahudumia vijana na watu wazima. Ameniomba nisimtaje jina. Nilichokiona kwake kimenifanya niamini kwamba sisi tumeyachukua maneno ya huduma hii na kuuacha moyo wake. Moyo wenyewe ni kumrudishia aliyeumizwa uamuzi juu ya nafsi yake.

Tuna methali tunayoipenda: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Inawafaa sana ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba la michikichi. Haimfai mtoto wa yule mlevi. Kwake yaliyopita ni ndwele hasa, tena hayajapita, kwa sababu mwili wake haujapata habari kwamba yamekwisha. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye umbo la lozi, wataalamu huiita amigdala, na kazi yake ni kupiga king'ora. Ukikutana na nyoka njiani unaruka kabla hujajua umeona nini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, adrenalini inamwagika kwenye damu, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopima na kufikiri inawekwa kando kwanza. Bila king'ora hicho binadamu asingedumu duniani. Ila mtu akipatwa na jambo lililozidi uwezo wake wa kulibeba, hasa likijirudia, hasa akiwa mdogo, hasa likitendwa na yule aliyepaswa kumlinda, king'ora hukwama. Kinalia akisikia harufu ya gongo. Kinalia pikipiki ikizimwa nje ya nyumba. Kinalia mwalimu akiinua mkono kufuta ubao. Mtoto anatoka mbio, au anarusha ngumi, au anaganda kama gogo, nasi tunasema ana kiburi, akiulizwa hajibu.

Hata wataalamu walichelewa kulikubali hili. Ni mwaka 1980 ndipo madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa wa msongo unaofuata kiwewe kwenye mwongozo wao, baada ya shinikizo la muda mrefu la askari waliorudi kutoka Vietnam na la waliowatetea wanawake waliobakwa na kupigwa. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda walianza kuchapisha matokeo ya utafiti uliofanyika San Diego, uliokuja kufikia zaidi ya watu 17,000. Walionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso ya aina nyingi utotoni, ndivyo uwezekano wa ulevi, wa kujaribu kujiua, hata wa maradhi ya moyo ulivyopanda. Na wale walikuwa watu wenye bima ya afya, wengi wao wamesoma.

Sisi tuna hesabu zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliopigwa ngumi, mateke au viboko utotoni walikaribia robo tatu ya wote. Sensa ya 2022 imetuhesabu watu 2,470,967 katika mkoa huu. Msomaji achukue kalamu afanye hesabu mwenyewe, kisha ajiulize anawafahamu wanasaikolojia wangapi kutoka Kakonko mpaka Uvinza.

Tena Kigoma ina mizigo yake ya ziada. Warundi walivuka kuja huku mwaka 1972, wakavuka tena miaka ya tisini. Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini walifunguliwa kambi ya Nyarugusu mwaka 1996, na leo kuna watu wazima wenye watoto ambao hawajawahi kuishi mahali pengine. Mei 2015 tuliwaona kwa macho yetu Warundi waliokwama Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya ziwa na milima, kipindupindu kikiwapukutisha, meli kongwe ya Liemba ikiwaleta kwa mafungu hadi mjini, wakilazwa uwanja wa Lake Tanganyika. Kasulu, shule ya Kabanga iliwahifadhi watoto wenye ualbino waliokimbizwa kutoka makwao ili wasiuawe. Vijijini tumepitiwa na kamchape, wale wasaka wachawi, na wapo watoto waliosimama uani wakimtazama bibi yao akiitwa mchawi na nyumba yake ikibomolewa na majirani waliokuwa wakimsalimia kila asubuhi. Watoto hao sasa wako madarasani. Wengine ndio tunaowaita watoro.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, kinaanzia kwenye jina la kazi yenyewe. Tunasema ushauri nasaha. Shuleni tunasema unasihi. Nasaha ni mawaidha, maonyo mema, na neno hilo linamtuma mtoaji afungue mdomo. Ndiyo maana ukimpeleka kijana kwa mtu anayeitwa mshauri, yeye huketi kwa adabu na kusikiliza, na mkubwa ndiye anayezungumza. Jikaze, mwanangu. Msamehe, ni mjomba wako. Mwombe Mungu. Shika masomo. Yote yanasemwa kwa upendo, na sehemu yake ni kweli. Yule mama aliniambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini aliutumia akihubiri, na kwamba watu walikuwa wakiitikia ndiyo, ndiyo, kisha hawarudi tena.

Chumba chake kiko nyuma ya duka la dawa, kando ya barabara iendayo Ujiji. Kina viti vitatu vya plastiki, kalenda, ndoo ya bluu yenye bomba na bilauri, na dirisha linalotazama mwembe. Nilipoingia mara ya kwanza nilikwenda kukaa kiti cha karibu na mlango, akanihamisha kwa upole. Kiti kile ni cha mteja. Yeye mwenyewe hukaa ndani, kwenye kona, ili asiwe kati ya mtu na mlango. Mlango haufungwi kwa ufunguo, kuna pazia zito, na redio ndogo inawashwa upande wa dukani ili maneno yasitoke. Sijawahi kuingia ofisi ya mkoa huu ambako mtu aliwaza nani akae karibu na mlango.

Mtu akishaketi, anaambiwa mambo kabla hajaulizwa lolote. Kwamba akitaka kunyamaza anyamaze. Kwamba akitaka kutoka atoke, na atakaribishwa siku nyingine. Kwamba atakayoyasema yatabaki pale, isipokuwa maisha yake au ya mwingine yakiwa hatarini, au ikiwa mtoto anaumizwa, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa hizo azipeleke kwenye serikali ya mtaa. Nilimuuliza kama onyo hilo haliwafungi watu midomo. Akasema wengine huwafunga, na ni haki yao, maana aliyeumizwa na mtu aliyemwamini hastahili kugeukwa mara ya pili na mtu aliyejiita msaidizi wake. Kuna jambo lingine linalomtesa katika hili. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyenusurika anakuja akijua kwamba kusema ukweli kunaweza kumfikisha mahakamani. Sheria hiyo ingefutwa leo, kesho watu wengi zaidi wangefungua midomo.

Kuna binti wa miaka kumi na mitano aliyeletwa na shangazi yake. Nasimulia kwa ruhusa yake, na nimebadilisha mambo mawili matatu asije akatambulika. Aliingia akasema shikamoo, mshauri akaitikia marahaba, mwanangu. Akamwona anajikunja mabega, macho yamekwenda sakafuni. Mshauri hakujua ni kwa nini, na hakuuliza. Alisema tu, "Nikuite nani?" Binti akataja jina lake la shule. Tangu siku hiyo aliitwa hilo, na neno mwanangu halikurudi tena chumbani. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba ndivyo alivyokuwa akiitwa na aliyemtendea.

Akaulizwa swali la pili: shangazi akae ndani au asubiri nje? Binti akaonyesha kwa kidole benchi la chini ya mwembe. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, akapewa fungu la ukili. Bibi yake alikuwa amemfundisha kusuka. Mkutano wa kwanza, wa pili na wa tatu alisuka, akazungumzia ukili, chakula cha bwenini na somo la hesabu. Shangazi alilalamika, na alikuwa na haki ya kulalamika: anatoka mbali, analipa nauli, na mtoto anasuka mkeka! Ila mshauri alikuwa kazini muda wote. Waliobobea katika kazi hii hawaanzi na habari ya kilichotokea. Wanaanza na usalama, mwili ujifunze upya kwamba upo mahali ambapo unaweza kutulia. Kisimulio na kilio chake hufuata baadaye, kisha mtu hurudi polepole kwenye maisha ya watu.

Mkutano wa nne binti alianza mwenyewe. Alisema sentensi mbili, pumzi ikakatika, macho yakawa yanatazama pasipo kuona. Mshauri hakumsukuma aendelee. Alimwambia akanyage sakafu kwa nyayo zote mbili, ataje anavyoviona. "Ndoo," binti akasema. "Ya bluu. Kalenda. Mjusi. Kivuli cha mwembe." Akanyamaza. "Sakafu ni ya baridi." Kisha akaulizwa kama waishie hapo. Akasema ndiyo, waishie hapo, na alipokuwa anatoka akauliza kama ukili wake anaweza kuuacha pale pale kwenye kiti.

Sasa mlinganishe huyu na binti mwenye mkasa kama wake anayepita njia ya kawaida. Anamwambia mama au shangazi. Anapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, anaeleza. Anafika polisi, anaeleza kaunta, kisha anaeleza tena Dawati la Jinsia na Watoto. Anapewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, anaeleza kwa daktari. Anaeleza kwa afisa ustawi wa jamii. Shauri likifika mahakamani anaeleza kwa mwendesha mashtaka, halafu mbele ya mtuhumiwa. Nimehesabu mara nane, na sijagusa ndugu wanaokuja kumpa pole huku wakitaka kusikia. Kwenye kituo kimoja, ambacho sitakitaja, nilisimama nyuma ya binti aliyekuwa akiulizwa maswali kaunta, kwa sauti, mbele ya vijana waliofuata bodaboda zao zilizokamatwa. Askari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anajaza fomu. Ila kila swali lilikuwa likimrudisha mtoto kule kule, na safari hii kwa mhuri wa serikali.

Vituo vya Mkono kwa Mkono vilibuniwa kutibu hilo hilo, polisi, daktari na ustawi wa jamii wakutane mahali pamoja, mtoto aeleze mara moja. Pale vinapofanya kazi sawasawa ni neema. Lakini mtoto wa kijiji kisichofikika ila kwa boti hakioni kituo hicho, na kwa wengi simu ya bure ya msaada kwa watoto, 116, ndiyo kitu cha karibu zaidi. Ndiyo maana nasema huduma inayozingatia kiwewe isiachiwe wanasaikolojia peke yao. Ni suala la kaunta iko wapi, nani anasikia, nani anauliza, fomu inasafiri na nani. Taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili ilitoa mwongozo mwaka 2014 wenye misingi sita: usalama, uaminifu na uwazi, msaada wa waliopitia kama hayo, kushirikiana, mtu kuwa na sauti na hiari, na kuzingatia utamaduni, historia na jinsia. Semina zetu huikariri yote sita. Ule wa tano, wa sauti na hiari, tunausoma kwa sauti kubwa kisha tunaurudisha kwenye mkoba pamoja na posho.

Upande wa pili wa kazi ya mama huyu ni kumkubali mtu jinsi alivyo. Huko Marekani msimamo huu umesisitizwa sana katika kazi na vijana waliokataliwa na familia zao kwa sababu ya jinsia au mapenzi yao. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: mwanasaikolojia Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mtu habadiliki mpaka apate mwenzake anayemheshimu bila masharti. Kwenye chumba cha nyuma ya duka la dawa nimeona maana yake kwa Kigoma. Binti mjamzito haulizwi ulifuata nini huko. Kijana mwenye ualbino haitwi kwa lile jina la mtaani. Mkimbizi anaulizwa anapenda kuzungumza kwa Kiswahili, Kiha au Kirundi. Mwanaume anayelia hapewi kitambaa haraka haraka ili anyamaze. Mtu anaambiwa, nakuamini. Anaambiwa, si kosa lako. Maneno hayo mawili, yule mama anasema, kuna watu wa miaka hamsini wanayasikia kwake kwa mara ya kwanza.

Najua kinachosemwa kuhusu hili, maana nimekisema mwenyewe ofisi ya walimu. Tunasema ni kudekeza. Mtoto akikubaliwa kwa kila kitu atatupanda kichwani. Hapa tunachanganya mtu na kitendo. Yule mama ana kijana aliyemvunja mwenzake jino, na hajawahi kumwambia kwamba alifanya vizuri. Walikwenda pamoja kuomba radhi na kupanga namna ya kulipa gharama za matibabu. Lakini kabla ya hapo alimuuliza nini kilitokea mwilini mwake sekunde moja kabla ya ngumi, na kijana akajua kujibu: alishikwa shingo kwa nyuma. Kwa mara ya kwanza alijua ni nini kinachomrusha. Kiboko kisingemfundisha hilo. Kingekuwa mkono mwingine kutoka nyuma.

Shuleni ndiko tunakopoteza wengi zaidi, na ndiko ninakokufahamu. Nimekuta shule ambako mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa malezi na unasihi ni mtu mmoja. Asubuhi anachapa, saa nane mchana anasema njooni mnieleze shida zenu. Nani atakwenda? Novemba 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, mbunge wa Kasulu Mjini wakati huo, alitangaza kwamba wanafunzi wanaojifungua wanaweza kurudi shuleni. Nilishangilia siku ile, na bado naona ni uamuzi wa haki. Ila mlango wa shule ni kitu kimoja na dawati ni kitu kingine. Binti anarudi akiwa mama, maziwa yanamchuruzika saa nne asubuhi, na mwalimu anamtania mbele ya darasa. Hakuna waraka uliokataza utani huo. Baada ya wiki tatu hayupo, na kwenye rejesta anaandikwa mtoro.

Kuhusu pepo nitasema kidogo tu, kwa heshima. Wasichana wanaoanguka darasani na kupiga kelele huombewa au husomewa dua, na sina ugomvi na dua. Mshauri ninayemzungumzia ni mtu wa sala. Ombi lake kwa mashehe na wachungaji ni moja: msimshike kwa nguvu, msimlaze chini watu wanne. Kwa baadhi ya hao wasichana, kushikwa na kulazwa ndiyo habari yenyewe.

Linabaki swali la nani atafanya kazi hii, kwa kuwa hatutapata wanasaikolojia wa kututosha katika umri wangu. Majirani zetu wametuonyesha njia. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaa ya Mbare, Harare, kuketi kwenye benchi na watu wanaosumbuliwa na mawazo. Kwa Kishona husema kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Karibu zaidi, Moshi kwetu na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kuwahudumia watoto waliofiwa na mzazi, na mwaka 2020 yakachapishwa matokeo ya watoto 640. Hayakuwa sawa kila mahali, na sipendi yatangazwe kama muujiza. Yanatosha kuonyesha kwamba mtu wa kawaida, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kuibeba kazi hii. Hilo la kusimamiwa ndilo tunalolikata kwanza bajeti ikipungua. Mshauri asiye na wa kumsikiliza yeye mwenyewe huishia kuhubiri tena, au huacha kazi.

Kigoma tunao wanawake wa kuketi kwenye benchi hilo. Tuna salamu ndefu zinazompa mtu nafasi ya kusema hali yake kwa hiari, akipenda aguse, akipenda apite. Tumezikatisha kwa sababu ya haraka.

Kwa wavuvi, mama huyu hupanga miadi kwa kufuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa haivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi yote hulala ufukweni. Wapo wanaokuja siku hizo bila kuulizwa na mtu kwa nini hawapo ziwani. Mmoja wao ni baba wa watoto watano aliyepelekwa kwake na daktari baada ya dawa za vidonda vya tumbo kugoma. Tumbo lilikuwa likimkata kila jua linapozama. Ilichukua mbalamwezi tatu mpaka aeleze: usiku mmoja walivamiwa na watu wenye silaha, wakanyang'anywa mashine na taa, na mwenzake aliyekuwa mbele ya mtumbwi akaangukia majini na hakuonekana tena. Pale mtaani wanasema amekuwa mvivu. Shemeji zake wamemwambia hivyo mezani, mbele ya wanawe.

Hajarudi ziwani. Anashona nyavu za wengine, analipwa kidogo. Juzi, siku za giza, alishuka na wenzake jioni kusukuma mitumbwi, akaingia mpaka maji yakamfika magotini. Akasimama hapo akitaja kimoyomoyo anavyoviona, taa, kasia, mgongo wa kaka yake, mpaka mitumbwi ilipopotea. Kisha akarudi nyumbani, akala, na mkewe hakumuuliza lini atakwenda. Miadi yake nyingine ni mbalamwezi ijayo.